Mdogo wangu, usiuziwe besi

Ujumbe wako wa kutoka Mazimbu, hapa Morogoro, nimeupata. Una elfu thelathini mkononi, unataka hedifoni za waya, zile za kuingia ndani ya sikio, za kusikilizia mihadhara na muziki, na kila muuza simu mjini anakusifia ya kwake kwamba "ina besi nzito". Nakujibu wewe, lakini najua Kihonda, Kilakala na Mzumbe wapo wengi wenye swali hilihili. Sogeeni wote.

Kwanza, kuchagua za waya umefanya vizuri. Hazidai chaji, umeme ukikatika zinaendelea kuimba, na ukitazama video sauti haibaki nyuma ya midomo. Angalia tu simu yako ina tundu la pini ya milimita 3.5. Kama ina Type-C peke yake, nunua na adapta, na uijaribu palepale dukani kwa simu yako mwenyewe.

Sasa hiyo besi. Muuzaji anaisifia kwa sababu inasikika haraka: sekunde kumi tu kichwa kimeshatikisika na wewe umeshatoa pesa. Lakini besi ikizidi inafunika sauti ya mtu, na wewe umeniambia unasikiliza mihadhara. Mhadhiri atasikika kama anaongea ndani ya pipa. Na zile nambari kwenye boksi, hetzi 20 hadi 20,000, karibu kila boksi zimo, za bei chee na za bei mbaya. Hazikuambii lolote kuhusu utakachosikia.

Kabla ya sauti, anza na mkao. Nalisisitiza hili kwa sababu nawaona watu wanalaumu kifaa kumbe tatizo ni kimpira. Hedifoni za aina hii zinategemea sikio liwe limezibwa sawasawa. Pakibaki upenyo hata mdogo, besi inatoroka, zinabaki sauti nyembamba za juu, nawe unaongeza voliyumu kufidia. Kwa hiyo uliza boksi lina vimpira vya saizi ngapi, zisipungue tatu. Vijaribu vyote, na usishangae sikio la kushoto likitaka kidogo na la kulia likitaka cha kati. Masikio ya mtu mmoja mara nyingi hayalingani.

Namna ya kuvaa nayo ni kazi. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio kidogo kwenda juu na nyuma, kisha ingiza taratibu huku ukizungusha. Weka wimbo, halafu bonyeza kifaa kwa kidole bila nguvu. Besi ikipanda ghafla ulipobonyeza, kimpira hakijaziba, badilisha saizi. Isipobadilika, umepata kimpira chako. Wakati wa kuvua usivute kwa waya wala kwa ghafla, kiwambo cha sikio kitakulalamikia.

Dukani omba pamba na spirit ufute kabla ya kujaribu, maana hujui kimpira hicho kimetoka sikio la nani. Muuzaji akikasirika, nenda duka la jirani.

Haya, tuje kwenye sauti. Watu wa Morogoro tuna bahati, tumeachiwa kipimo chetu wenyewe. Mwanamuziki Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba walirekodi miaka ambayo nyimbo nyingi zilikuwa za mono, yaani pande zote mbili zinatoa kitu kilekile. Yeye alifariki mwaka 1965. Weka wimbo wake wowote. Sauti yake ikae katikati ya kichwa, kati ya jicho na jicho. Ikiegemea kushoto, badilisha: ya kushoto ivae kulia na ya kulia ivae kushoto, ila kila sikio libaki na kimpira cha saizi yake. Sauti ikihama, hedifoni ina upande dhaifu, irudishe kwa muuzaji. Ikibaki palepale, ni kimpira chako au sikio lako. Jaribio hili halina gharama na linamaliza ubishi wote.

Kisha nenda kwa Mbaraka Mwinshehe. Huyu na bendi ya Morogoro Jazz ndio walioiwakilisha Tanzania kwenye Maonyesho ya Dunia ya Osaka, Japani, mwaka 1970, na kwenye muziki wao kuna magitaa zaidi ya moja yanayosemezana. Gitaa la solo kila mtu analisikia. Wewe lifuate la ridhimu, lile linalokwenda chini kwa chini bila kuchoka. Je, unalishika hadi mwisho wa wimbo, au linapotea saksofoni zikiingia? Likipotea, sauti za kati za kifaa hicho zimemezwa, na hapo ndipo anapoishi mwimbaji pia. Baadaye chukua wimbo wa "Shida" alioimba na bendi ya Super Volcano. Neno lenyewe linaanza na "sh", sauti inayofichua hedifoni mbovu. Ikikuchoma kama sindano, achana nazo hata kama ni nzuri kwa mengine yote, kwa sababu mchomo mdogo wa dukani baada ya nusu saa ni maumivu ya kichwa. Wanaosikiliza kisomo cha Qurani watalijua hili upesi kwenye herufi za sini na sadi, na wanakwaya kwenye sauti ya kwanza inapopanda.

Jaribu kwa sauti ya chini. Kifaa kinachovutia kikiwa juu tu hakifai.

Kuhusu starehe, dakika mbili za dukani hazitoshi. Mwombe muuzaji ukae nazo kwa muda hapo nje ya duka. Na uzijaribu ukiwa umevaa unavyovaa siku zote. Ukivaa mtandio au hijabu, jaribu nayo, maana kitambaa kinakandamiza kifaa ndani na baada ya muda ukingo wa sikio unauma. Vilevile miwani. Nyingi za siku hizi waya wake hupita juu ya sikio na kushuka nyuma, mtindo waliouzoea wanamuziki wa jukwaani. Usiupinge. Waya ukipita hivyo hauvutani na sikio, wala ule mkwaruzo wake kwenye shati hausikiki sana. Wenye safari za Mgeta na Nyandira mnajua masikio yanavyoziba gari linapoupanda Uluguru; vueni, mezeni mate, yakifunguka ndipo mvae tena. Kwa joto letu la bondeni sikio lililozibwa kutwa nzima hutoa jasho na kualika fangasi. Lipumzishe, na vimpira vioshe kwa maji na sabuni, vikauke kabisa kabla ya kuvirudisha.

Jambo ninaloliogopa kuliko yote ni voliyumu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki akisikiliza kwa desibeli 80. Ukipandisha hadi 90, zinabaki saa nne tu kwa wiki nzima. Shirika hilohilo linakadiria vijana zaidi ya bilioni moja wako hatarini kwa kusikiliza kwa sauti kubwa, na usikivu ukipotea kwa njia hii haurudi. Ndiyo maana nimekusumbua na vimpira: sikio likizibwa vizuri, kelele za daladala zinabaki nje na huna sababu ya kupandisha sauti. Ila barabarani ni kinyume chake. Pale Msamvu unapovuka, vua zote mbili. Unapoendesha bodaboda usivae kabisa, nakuomba sana.

Kwa hiyo itumie elfu thelathini yako hivi. Kati ya hedifoni mbili, chukua inayokaa sikioni bila kuuma na inayokusomea maneno vizuri kwa sauti ya chini, hata kama ya pili ina besi ya kubomoa ukuta. Ikibaki chenji, nunua seti nyingine ya vimpira vya saizi yako, kwa kuwa ndivyo vinavyopotea kwanza. Na siku ukivua ukasikia mluzi masikioni usioisha hadi kesho yake, usisubiri wiki ipite. Nenda hospitali ukaangaliwe.