Wanyama wa Udongo na wa Makaa: Somo la Kazi za Mikono Katika Turkana

Mtoto wa wafugaji katika nchi ya Turkana, kabla hajajua kushika kalamu, mara nyingi huwa amekwisha kufinyanga ng'ombe wa udongo kwa mchezo. Kazi hiyo ni ya kale: huko Jarigole, mashariki ya Ziwa Turkana, wachimbuaji wa mambo ya kale walivumbua vinyago vya wanyama vilivyofinyangwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Basi mwalimu wa Lodwar au Kakuma hapokei mtoto asiyejua kitu. Lililo lake ni kumwonyesha kuwa kila mnyama ana kitu kimfaacho kufanyiwa.

Ng'ombe hufaa udongo. Udongo wa ukingoni mwa mto Turkwel, au wa Tarach kule Kakuma, uondolewe changarawe, ukandwe mpaka usigande vidoleni. Miguu na pembe zivutwe katika donge lile lile moja. Zikibandikwa baadaye, pachanjwe kwanza kwa mwiba na kupakwa uji wa udongo, la sivyo zitaanguka. Akaushwe kivulini siku kadhaa, maana upepo wa Lodwar hukausha nje upesi, na ndani kungali maji, ndipo hupasuka.

Pembe zisifanywe kwa haraka. Waturkana huzipinda pembe za maksai wampendaye, na mtoto huijua sura yake kuliko mwalimu. Hali kadhalika watoto wa Wadinka na Wanuer, walio wengi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma iliyofunguliwa mwaka 1992.

Ngamia ni taabu. Miguu yake myembamba haichukui uzito, na vijiti vikitiwa ndani, udongo husinyaa ukapasuka. Afadhali afinyangwe amepiga magoti, au aundwe kwa waya, au achorwe kwa makaa juu ya kipande cha boksi. Samaki wa ziwani husukwa vizuri kwa makuti ya mkoma, yale yale ya kusukia vikapu.

Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo mingi. Mtoto ambaye kwao hakubaki mbuzi pengine atachora zizi lililojaa. Mwalimu asimwambie amekosa hesabu; amwulize kila mbuzi alikuwa wa rangi gani, kisha ampe chaki na udongo mwekundu apake mabaka.