Namna ya Kuvaa Mafuta ya Udi Bila Kufukuza Watu

Umeletewa kichupa cha mafuta ya udi kutoka Muscat, au umejitosa mwenyewe pale Darajani, Zanzibar. Umefungua, umenusa, ukarudisha kichwa nyuma. Zizi la mbuzi. Ngozi ya viatu vipya. Udongo uliolowa, halafu kwa mbali karafuu na zafarani. Dada yako anauliza nani kaingiza mnyama ndani. Shemeji yako anafumba macho na kuomba umpake. Wote wawili wamenusa kichupa kimoja.

Usikitupe. Kinavalika, tena vizuri, ila kina masharti yake.

Sharti kubwa ni muda. Harufu ya pale unapopaka siyo utakayoshinda nayo. Nusu saa ya mwanzo udi humwaga ukali wake wote: zizi, moshi, uchachu. Kisha hulainika, viungo hujitokeza, na baada ya saa mbili tatu unabaki na mti, utamu kidogo na joto la ngozi yako. Wengi wanaoapa hawaupendi udi walikutana nao katika ile nusu saa. Kwa hiyo paka mapema. Kama unatoka saa mbili asubuhi, paka saa moja, ukitoka tu kuoga. Kunywa chai, piga pasi, tafuta funguo. Ukifika mlangoni ukali umeshapita.

Sasa kiasi. Toa kijiti cha kizibo, kikwangue kwenye mdomo wa chupa mpaka kisidondoshe, kisha gusa ngozi mara moja. Mara moja tu. Gusa nyuma ya sikio, chukua kwa kidole upeleke sikio la pili, na kinachobaki kidoleni kimalizie kifuani. Ngozi iking'aa kwa mafuta, umezidisha. Haya si manukato ya kupuliza ambayo nusu yake inakwenda na upepo. Mafuta hukaa pale ulipoyaweka, na udi mzuri unaweza kukaa mpaka jioni.

Baada ya dakika chache pua yako itaacha kuusikia. Hapo ndipo watu wanapoharibu: wanadhani umekwisha, wanaongeza. Usiongeze. Umeuzoea wewe, mwenzako bado anausikia. Ukiwa na wasiwasi muulize mtu ambaye hamkuwa naye chumba kimoja, na umuulize akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwako. Kama anausikia akiwa mbali kuliko hapo, kesho punguza.

Mahali pa kupaka nako kuna akili yake. Kisogoni ni pazuri: harufu inakufuata badala ya kukutangulia, na wewe mwenyewe hupigwi nayo puani siku nzima. Kifuani chini ya nguo panafaa kwa anayeanza, maana nguo inauchuja. Kwenye kiwiko, upande wa ndani, pia sawa. Viganja na vifundo vya mikono mimi sivipendekezi, hasa kama unapika, unahudumia wateja au unabeba mtoto. Utapeana mkono na watu kumi, na wote watakwenda nao kula chakula cha mchana.

Wazee wana mbinu ambayo haijapitwa: kipande cha pamba, kidogo kuliko punje ya hindi, unakigusisha mafuta na kukibana kwenye mkunjo wa juu wa sikio. Hakigusi nguo, hakichafui kola, na ukiona hali si shwari unakitoa unakitupa. Kwa mafuta yenye mabishano kama haya, hakuna njia salama zaidi.

Ngozi kavu hula mafuta haraka. Jipake kwanza Vaseline isiyo na harufu, au mafuta yoyote mepesi yasiyonukia, halafu udi juu yake. Losheni ya maua na deodoranti ya kunukia weka pembeni siku hiyo. Udi hauchanganyiki na kila mtu, na ukigombana na harufu ya bebi losheni, wewe ndiye utakayeumwa kichwa.

Lakini upo wenzi unaokubalika, tena ndio utakaokusaidia nyumbani kama mume au mke anakunja pua. Halwaridi. Gusa udi kwanza, acha robo saa, kisha gusa halwaridi palepale. Waridi hufunika zizi na kuacha mti. Sandali nayo hupooza, inafanya mafuta yawe laini bila kuyabadilisha sana. Miski nyeupe inapunguza ukali, ingawa kwangu inaufanya udi uwe wa kawaida mno. Anza na waridi. Mafundi wa manukato wa Ghuba na India wanaoanisha udi na waridi tangu zamani, na hawakukosea.

Tahadhari moja ya ngozi. Michanganyiko yenye karafuu au mdalasini huweza kuwasha, na wengine huwatoa vipele. Kabla ya kuvaa mara ya kwanza, gusa kidogo ndani ya kiwiko, subiri mpaka kesho yake uangalie. Usipake mahali uliponyoa muda huohuo. Na usijipake mafuta ya karafuu yale ya dawa ya jino kwa kudhani yataongeza viungo. Ni makali, yanaunguza.

Nguo. Mafuta ya udi mengi ni ya rangi ya kahawia iliyoiva, na kanzu nyeupe haisamehe. Waomani wameshalitatua hili: kile kishada kinachoning'inia shingoni kwenye kanzu yao ndicho kinachotiwa mafuta. Kama kanzu yako ina kishada, gusa ncha yake. Kama haina, paka ngozi, acha ikauke kabisa, ndipo uvae. Buibui jeusi halionyeshi alama, lakini hariri na polista nyepesi hubaki na doa la mafuta, kwa hiyo gusa upindo wa ndani tu. Ukitaka nguo nzima inukie, ifukize. Makaa kidogo kwenye chetezo, kipande cha udi, nguo itundikwe juu kwa nafasi ya kutosha, na wewe usiondoke hapo. Polista na makaa havipatani.

Hali ya hewa itakuamulia mengi. Dar, Tanga, Mombasa wakati wa kaskazi, jasho na unyevu huamsha kila kitu. Mguso mmoja unatosha kujaza daladala. Wakati wa kusi unaweza kuongeza kidogo. Aliyeko Nairobi mwezi wa Julai, au London kwenye baridi, anaweza kwenda mara mbili, na ndani ya koti zito udi unapendeza kuliko mahali pengine popote.

Usivae ukienda hospitali kumtazama mgonjwa. Usivae kwenye ndege, wala kwenye usaili wa kazi, wala ofisi ndogo yenye kiyoyozi na madirisha yasiyofunguka. Harufu kali huwaamshia wengine pumu au kipandauso, na mama mjamzito anaweza kutapika kwa kitu ulichokitia nyuma ya sikio tu. Vaa harusini, Ijumaa, siku ya Idi, barazani jioni, kwenye matembezi ya ufukweni. Palipo na upepo na watu wanaopita, udi una nafasi yake.

Na mtu akilalamika? Usibishane, usimweleze bei. Mwambie, "Samahani, ni udi, utapoa," kisha sogea upande ambao upepo unatoka kwake kuja kwako, au ondoka kidogo. Shangazi akisema unanuka, itikia "haya shangazi" na ubadilishe kiti. Kama ni mtu unayelala naye chumba kimoja, kubalianeni siku. Wengine huishia kuomba wapakwe wao, lakini usilitegemee hilo.

Ukilazimika kuutoa, maji peke yake hayafai, wala sabuni ya haraka haraka. Pamba yenye mafuta ya kupikia au Vaseline, futa pale ulipopaka, kisha sabuni na maji ya uvuguvugu. Rudia. Kitabaki kidogo, lakini kitakachobaki ni ule mwisho mtamu.

Kama bado hujanunua, hapa nenda taratibu, maana ndipo pesa inapopotea.

Dukani waambie wakuonyeshe aina mbili za udi, Hindi na Kambodi. Wauzaji wa Mutrah kule Muscat, Darajani au Mji wa Kale Mombasa wanaelewa mara moja. Udi unatokana na mti wa Aquilaria. Mti mzima hauna harufu hiyo. Ukijeruhiwa na kushikwa na kuvu, hutoa utomvu mweusi ndani ya shina, na huo ndio unaotafutwa. Hindi ni wa India: kule Assam, kwa desturi, mbao hulowekwa kwanza majini mpaka zichache kabla ya kukenekwa. Lile zizi linatokea hapo. Kambodi, yaani wa Kambodia, kwa kawaida huja na utamu wa tunda lililoiva na ukali mdogo. Kama unaanza, au unaishi na watu wenye pua nyepesi, chukua Kambodi. Hindi utaurudia baadaye ukishauzoea.

Utaonyeshwa pia michanganyiko: udi, zafarani, waridi, ambari, miski, viungo. Usiidharau. Mafuta safi ya udi ni ghali sana, na anayekuuzia tola nzima, yaani gramu 11.66, kwa bei ya soda mbili hakuuzii udi, hata aape vipi. Mchanganyiko mzuri unaojulikana kuwa ni mchanganyiko unavalika kuliko "safi" ya uongo. Muulize muuzaji waziwazi: safi au mchanganyiko? Anayejibu mchanganyiko bila kusitasita, huyo nunua kwake.

Usinusie dukani. Mle ndani wamechoma udi tangu asubuhi, hata kalamu ya kaunta inanukia. Pakwa mkono mmoja aina moja, mkono wa pili aina nyingine, zisizidi hizo mbili, halafu toka. Nenda kanunue samaki, kanywe kahawa, panda gari uzunguke. Rudi baada ya saa moja na ndipo unuse. Muuzaji mzoefu hatakasirika. Atakayekukazania ulipe kabla hujatoka anajua kitakachobaki mkononi mwako baada ya saa hiyo.

Nunua robo tola. Robo ni karibu mililita 3, na kwa mguso mmoja mara mbili kwa wiki inaweza kukuvusha mwaka. Watu hununua tola nzima kwa sababu kichupa kinapendeza, kisha kinakaa kabatini.

Kabatini si pabaya, lakini. Mafuta ya udi hayataki jua wala joto. Usiyaache kwenye dashibodi ya gari, wala bafuni. Funga kizibo mpaka mwisho, simamisha chupa wima, iweke kwenye droo yenye giza. Ukishagusa ngozi, futa kijiti kabla ya kukirudisha, usipeleke jasho ndani ya mafuta. Ukitunza hivyo, udi safi haukimbilii kuharibika. Mara nyingi ule uchachu hupungua kadiri unavyokaa.

Unasafiri nao? Aina zote za Aquilaria zimo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa sababu miti ya porini imekatwa mno. Mkataba unamruhusu msafiri kubeba kwa matumizi yake mafuta yasiyozidi mililita 24 bila kibali, karibu tola mbili. Kichupa chako kimepita. Nchi nyingine zina masharti makali zaidi, kwa hiyo ukibeba wa kuuza au wa zawadi za ukoo mzima, uliza forodhani kabla hujafika uwanjani. Na kifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, maana ukimwagika kwenye begi, kila shati utakalolitoa litatoka na habari.

Jipe wiki mbili tatu kabla hujatoa hukumu. Vaa siku za kukaa nyumbani kwanza, kisogoni, kiasi kidogo. Pua hujifunza, wengi huanza kuusubiri ule mwisho wake na kuacha kuuogopa mwanzo. Ukifika hapo na bado tumbo linakataa, usijilazimishe. Hakuna ukoo usio na mjomba mmoja anayeupenda Hindi kuliko chakula. Mpelekee kichupa, wewe chukua halwaridi yako.