SOMO: Tuchague chakula gani kwa samaki wa bwawa?



Katika mikutano ya koperative, swali moja linarudi kila mara. Mama mmoja anasimama na kusema: "Bwawa langu lina miezi nane. Kila siku natupa bukari inayobaki. Lakini samaki zinabaki ndogo kama kidole. Nifanye nini?"

Swali hili ni zito. Bukari ni chakula cha watoto. Ukiitupa ndani ya maji na samaki hawakui, umepoteza mara mbili: watoto hawakula, na siku ya kuvuna hakuna samaki wa kuuza ili kulipa shule. Leo tujifunze kuchagua chakula cha samaki kwa akili, kwa vitu tulivyo navyo hapa Kiambi.

1. Kwanza ujue samaki wako anakula nini

Samaki wote hawali sawasawa. Mtu wa kwetu aliyevua katika Luvua anajua hiyo tayari.

Kuna tilapia wanaopenda uchafu wa kijani wa majini, vile vijimea vidogo sana vinavyofanya maji yawe kijani. Kuna tilapia wengine wanaotafuna majani. Wakati wa Wabelgiji, kituo cha Kipopo karibu na Lubumbashi kilifundisha kuweka aina hizo mbili pamoja katika bwawa moja: mmoja anakula ukijani wa maji, mwingine anakula majani, na hawagombani chakula.

Kambale yeye ni mtu wa nyama. Anakula wadudu, minyoo, mchwa, na samaki wadogo pia. Ukimpa majani tu, atakonda.

2. Chakula cha kwanza ni maji yenyewe

Wengi wanafikiri kulisha ni kutupa kitu juu ya maji. Hapana. Kwa tilapia, chakula cha bei ndogo kuliko vyote ni maji ya kijani, na maji ya kijani yanatoka kwa mbolea.

Zungushia miti kona moja ya bwawa, kama kizizi kidogo. Kizizi hicho kichukue sehemu moja kati ya kumi ya bwawa. Humo ndani weka majani mabichi, nyasi, mavi ya kuku, ya mbuzi au ya ng'ombe, na majivu kidogo. Kila wiki ongeza na kugeuza.

Namna ya kupima: ingiza mkono ndani ya maji, kiganja kikiwa wazi. Kama kiganja kinapotea wakati maji yanafika kwenye kiwiko, maji ni mazuri. Kama bado unaona vidole vizuri, ongeza mbolea. Kama kiganja kimepotea kabla maji hayajafika nusu ya mkono, simamisha mbolea na ingiza maji mapya.

3. Chakula cha kuongeza: chagua kati ya hivi

Vya kutia nguvu: pumba ya mpunga, pumba ya mahindi, unga wa mihogo, machicha ya pombe ya kienyeji. Vinapatikana kirahisi, lakini peke yake havikuzi mwili. Ndiyo sababu ya samaki wa yule mama: bukari inashibisha tu.

Vya kujenga mwili: soja, mashudu ya karanga, ndagala kavu kutoka Kalemie, mchwa, kumbikumbi wakati wa mvua. Ndagala za kula nyumbani ziache nyumbani. Kwa samaki nunua zile zilizovunjikavunjika, ambazo muchuuzi anauza bei ya chini. Kama zina chumvi, zioshe kwanza na kuzianika.

Majani: sombe, matembele, majani ya mapapai, lengalenga. Yakatekate madogo. Yasiyoliwa uyatoe kesho yake, yasiozee ndani ya maji.

Angalia hatari hizi tatu:

Mihogo michungu ina sumu. Majani yake na maganda yake usiyatupe mabichi. Yakatekate, yaache yanyauke, halafu yaanike vizuri kwenye jua.

Soja mbichi haisagiki vizuri tumboni mwa samaki. Ikaange au ichemshe kwanza, ndipo uisage.

Mahindi au karanga zenye ukungu usiwape samaki. Kuna watu wanasema: "Sisi hatuwezi kula, basi tuwape samaki." Ukungu ule una sumu inayoharibu maini ya samaki, kama inavyoharibu ya mtu na ya kuku.

4. Mchanganyiko wa kilo 10

Pumba ya mpunga au ya mahindi: kilo 5
Soja iliyokaangwa na kusagwa: kilo 2
Ndagala za kusaga: kilo 1 na nusu
Unga wa mihogo: kilo 1
Majani ya mihogo yaliyokauka na kusagwa: nusu kilo

Pika unga wa mihogo kama uji mzito. Huo ndio gundi. Changanya vyote, finyanga vitonge vidogo, anika kwenye mkeka mpaka vikauke kabisa. Weka ndani ya mfuko mahali pakavu, juu ya mbao, mbali na panya. Usitengeneze vya miezi mitatu. Vya wiki mbili vinatosha.

Kama hakuna ndagala, tumia mchwa waliokaushwa. Chakula cha vidonge cha dukani ni kizuri, lakini mpaka kifike kwetu kimekuwa bei kali. Wenye bwawa dogo waanze na mchanganyiko huu.

5. Kiasi gani?

Hapa ndipo tunapokosea sana. Tuchukue bwawa la metre 10 kwa metre 20, yaani metre za mraba 200. Ukiweka tilapia wawili kwa kila metre, ni samaki 400.

Kila mwezi vua samaki 20, wapime pamoja ndani ya ndoo (toa uzito wa ndoo na wa maji), halafu warudishe. Kama wote 20 wana kilo 1, kila mmoja ana gramu 50. Basi samaki 400 wana kilo 20.

Samaki wa gramu 10: wote 400 ni kilo 4. Wape gramu 10 kwa kila gramu 100 za uzito wao, yaani gramu 400 kwa siku.
Samaki wa gramu 50: wote ni kilo 20. Wape gramu 5 kwa kila 100, yaani kilo 1 kwa siku.
Samaki wa gramu 100: wote ni kilo 40. Wape gramu 3 kwa kila 100, yaani kilo 1 na gramu 200 kwa siku.

Gawa mara mbili: jua likisha kupanda, na alasiri kabla ya jioni. Lisha mahali pamoja kila siku, ili uone wanavyokula. Chakula kikibaki baada ya robo saa, kesho punguza. Asubuhi za baridi za mwezi wa sita na wa saba samaki hawana njaa. Ngoja jua lipashe maji.

6. Wakati wa kuacha kulisha

Ukifika bwawani alfajiri na kukuta samaki wanapanua midomo juu ya maji, usiseme eti wana njaa. Wanakosa hewa. Chakula kilichooza na mbolea nyingi vimemaliza hewa ya maji. Ingiza maji mapya mara moja, toa uchafu, usilishe na usitie mbolea mpaka watulie. Wengi wamepoteza bwawa zima asubuhi moja kwa sababu waliongeza chakula badala ya maji.

Na jambo la mwisho: tilapia wanazaa upesi. Kama bwawa limejaa watoto, hata chakula kizuri namna gani hakitawakuza. Vua wadogo, kaangeni au uza. Unaweza pia kuweka kambale wachache wadogo, baada ya tilapia wako kukua kidogo, ili wale wale watoto wanaozidi.

Basi jibu la yule mama ni hili: bukari irudi kwa watoto, mbolea iende kizizini, watoto wa samaki wapunguzwe, na mchanganyiko uanze kidogo kidogo kwa kipimo. Na daftari liwepo: kilo ulizolisha, franka ulizotumia, kilo ulizovuna. Kama franka za chakula zinapita franka za samaki, badilisha chakula kabla ya kuweka samaki wengine.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni vitu gani vinatupwa ambavyo vingeweza kulisha samaki?
2. Nani ana soja? Tunaweza kununua na kusaga pamoja kama koperative?
3. Kila mmoja aende leo kupima maji yake kwa mkono. Tukikutana tena, aseme kiganja kilipotea wapi.