Roho Iliyofungwa: Khabari za Mani na Wazindiki

Wamo watu wasemao ya kwamba roho ya binadamu ni kipande cha nuru kilichonaswa ndani ya mwili kama ndege mtegoni, na kwamba mwenye siri fulani ndiye ajuaye njia ya kuifungua. Maneno haya si mapya. Aliyeyapanga yakawa dini kamili ni Mani, aliyezaliwa nchi ya Babili mwaka 216 baada ya Masihi, karibu miaka 400 kabla ya Mtume (S.A.W.) kupewa utume.

Khabari zake amezieleza Ibn al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad, katika al-Fihrist aliyoitunga mwaka 377 Hijria (987). Asema ya kwamba baba yake Mani alisikia sauti katika nyumba ya masanamu ikimkataza nyama, mvinyo na wanawake. Naye akahamia kwa Mughtasila, watu wa kujitakasa kwa maji, na mwanawe akalelewa huko. Mwaka 1969 kilifunguliwa kitabu cha ngozi cha Kiyunani kilichowekwa Cologne, Ujerumani, ambacho ukurasa wake hauzidi kiberiti kwa ukubwa, nacho kikamsadikisha mwandishi yule.

Mafundisho yenyewe ni haya: asili ni mbili, Nuru na Giza. Giza liliishambulia Nuru likameza sehemu yake, na dunia hii ni mchanganyiko wa hizo mbili. Mwezi hukua kwa kupakia nuru zilizookolewa, ukijaa huzipakua katika jua. Wateule wao, Wasiddiki, hawakuoa, hawakula nyama, wala hawakuchuma hata jani, maana ndani ya jani imo nuru iumiayo. Walio chini yao, Wasikilizaji, ndio waliolima na kuvuna na kuwaletea chakula. Basi mkulima alibeba dhambi ya jembe ili mtakatifu ale tikiti kwa raha!

Kwa nje ibada zao zilikaribia za Waislamu. Walijipangusa kwa maji, wakasujudu, wakafunga siku 30 wakifuturu jua lichwapo. Tofauti imo katika sababu. Mwislamu hufunga kwa kutii, kisha hula akashukuru, kwani mwili wake ni amana. Mfuasi wa Mani hufunga kwa kuuchukia mwili, kwani kwake ni jela. Tena ikiwa roho ni sehemu ya Mungu, basi Mungu ametekwa vipande vipande na adui yake. Na ikiwa uovu ni kazi ya Giza, mwizi ataulizwa nini Siku ya Hisabu?

Hata hivyo waliovutwa hawakuwa wajinga. Agostino, mwanachuoni mkubwa wa Wakristo, alikaa miongoni mwa Wasikilizaji yapata miaka 9. Waliona watoto wasio na kosa wakiugua, wakataka kujua maumivu hayo yatoka wapi.

Mani alikufa gerezani chini ya mfalme wa Uajemi. Katika Uislamu khalifa al-Mahdi (775–785) aliweka mtu maalumu wa kuwasaka Wazindiki, na jina hilo likatupwa ovyo hata kwa mshairi mwenye ulimi mrefu. Ibn al-Nadim asema alipata kuwajua watu wa Mani kama 300 mjini Baghdad. Alipokuwa akiandika hawakutimia 5.

Al-Mas'udi, yule msafiri aliyefika pwani hii ya Zanji na kurejea Oman mwaka 304 Hijria, amesimulia kisa cha zama za al-Ma'mun. Mdoezi mmoja wa Basra aliona watu 10 wakienda pamoja, akadhani waenda karamuni, akajipenyeza hata chomboni. Mara wakatiwa minyororo, naye pamoja nao. Mbele ya khalifa kila mmoja aliamriwa aitemee mate sura ya Mani na achinje ndege; walikataa, wakauawa. Akabaki wa 11, asiyekuwamo katika orodha. Aliapa ya kwamba hajui lolote ila alifuata chakula. Khalifa akacheka, Ibrahim bin al-Mahdi akamwombea, akasamehewa. Wale kumi hawakurudi Basra.