Alfajiri ya Fuzhou: mafunzo kwa mwanafunzi wa Kiislamu anayekwenda kusoma ugenini



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, kila mwaka wapo miongoni mwetu wanaojaza fomu za ufadhili wa kwenda kusoma China, India, Malaysia au Uturuki. Tunasaidiana kutafsiri vyeti, kutafuta pasipoti na kupima afya. Lakini mara chache tunamuuliza msafiri swali hili: swala yako utailinda vipi ukiwa peke yako? Makala hii inatokana na miaka miwili niliyosoma katika mji wa Fuzhou, jimbo la Fujian, kusini-mashariki mwa China, kuanzia Septemba 2017. Nimeipanga kama darsa, na mwishoni kuna maswali ya kujadili.

1. Kuaga Busasamana

Nimezaliwa Busasamana, wilaya ya Rubavu, karibu na mpaka wa Kongo, kwenye udongo mweusi wa volkano. Watu wa kwetu ni wakulima wa viazi. Waislamu si wengi. Sensa ya 2012 ilionyesha kuwa Waislamu walikuwa asilimia 2 ya Wanyarwanda, na huku kwetu milimani tunahesabiana kwa nyumba. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kwenda China nilijiambia kwamba mimi nimeshazoea kuwa mchache, hakuna kitakachonishinda.

Siku ya kuniaga tulisoma dua nyumbani. Mzee mmoja akasimama akanikumbusha maneno ambayo wengi tumeyasikia kwenye mimbari, kwamba Mtume (S.A.W.) alisema tutafute elimu hata ikiwa China. Watu wakaitikia kwa takbira. Nami nikaondoka nikijiona kwamba safari yangu imetajwa kwenye hadithi.

Nilipofika kule, mwanafunzi mwenzangu kutoka Tanzania aliyewahi kusoma madrasa kwa muda mrefu alinieleza kwa upole kwamba wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha riwaya hiyo, na kwamba Ibn al-Jawzi aliiingiza katika kitabu chake cha hadithi za kubuniwa. Kinachotegemewa zaidi ni ile hadithi iliyopokewa na Ibn Majah, yenye maana kwamba kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Muislamu. Nilisikia aibu kidogo. Baadaye nikaona kuwa hilo lilikuwa somo langu la kwanza China: mtu anayetoka kutafuta elimu aanze kwa kuhakiki yale anayoyabeba. Mzee wetu alikuwa na nia njema, na dua yake ilinifaa. Lakini nia njema haimsingizii Mtume neno.

2. Swala iliyonipotea

Sasa nieleze jambo ambalo ningependa kulificha.

Kwetu, karibu na ikweta, nyakati za swala hazibadiliki sana. Januari au Julai, Magharibi inaingia karibu na saa kumi na mbili jioni. Fuzhou si hivyo. Mwezi wa sita Alfajiri inaingia kabla ya saa kumi, na kufika saa kumi na moja na robo jua limeshatoka. Mwezi wa kumi na mbili Alfajiri inaingia baada ya saa kumi na moja, na jua linachelewa hadi karibu saa moja kasorobo. Ratiba niliyokuwa nayo kichwani tangu utoto haikunifaa. Adhana haisikiki. Unabaki wewe na simu yako, na simu huzimwa kwa kidole kimoja.

Kwa wiki chache za mwanzo niliamka. Kisha zikaanza kazi za maabara za usiku, na masomo ya Kichina yaliyonitoa jasho. Nikawa naswali Alfajiri baada ya jua kutoka. Halafu nikawa naiswali pamoja na Adhuhuri. Halafu, Mwenyezi Mungu anisamehe, zikapita siku ambazo sikuiswali kabisa. Hakuna aliyenikataza, na hakuna aliyenicheka. Ile swala ilipotea kimya kimya kwa sababu hakuna hata mmoja aliyejua kama nimeiswali au sikuiswali.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Uchache wa Busasamana haukuwa upweke. Ulikuwa na mama anayegonga mlango kabla ya jua, na maalim anayeuliza kwa nini safu ina pengo. Nilidhani nguvu ile ni yangu, kumbe ilikuwa yao.

Abu Dawud amepokea kutoka kwa Abu Dardaa hadithi yenye maana kwamba watu watatu wakiwa kijijini na swala ya jamaa haisimamishwi kwao, shetani huwatawala, kwa kuwa mbwa mwitu humla kondoo aliyejitenga na kundi. Niliihifadhi hadithi hiyo nikiwa mtoto. Maana yake niliijua bwenini Fuzhou.

Mwishoni mwa Novemba mama alinipigia, akauliza kama kawaida yake: "Mwanangu, unaswali?" Mara zote nilikuwa najibu ndiyo. Siku hiyo ulimi ulikataa. Nikamwambia ukweli. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Huko kwenu kukipambazuka, huku kwetu ni saa ngapi?" Nikahesabu. China iko mbele yetu kwa saa sita. Saa tano na nusu usiku Rwanda ni saa kumi na moja na nusu alfajiri Fuzhou. Akasema: "Basi mimi ndiyo saa ya kulala. Nitakubipu."

Na alibipu. Simu ililia mara moja, ikakata, na haikumgharimu hata faranga. Nikiamka nami nambipu, ndipo analala. Siku zilivyorefuka nilimtumia saa mpya, akasogea nyuma mpaka saa nne usiku. Baada ya miezi miwili tukawa wanafunzi wanne tunaoamshana hivyo hivyo, kila mtu katika chumba chake: mimi, yule Mtanzania, Mkomoro mmoja na Mpakistani mmoja. Hatukukusanyika kuswali bwenini, kwa sababu kanuni za huko haziruhusu ibada za pamoja chuoni, na Muislamu akikubali kuingia nchi ya watu kwa masharti, anatimiza ahadi. Lakini kila mmoja alijua kuwa watatu wanamsubiri ajibu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

3. Mas'ala mawili ya kila siku

La kwanza ni swala ya safari. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikipunguza rakaa, nikijiita msafiri. Sivyo. Kwa madhehebu ya Shafi, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili au zaidi, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, anakamilisha swala zake. Kwa Hanafi mpaka ni siku kumi na tano. Mwanafunzi wa miaka miwili ni mkaazi kwa wote hao wawili. Soma mlango huu kabla ya kupanda ndege.

La pili ni chakula. Nilikwenda kujifunza teknolojia ya juncao, yaani kuotesha uyoga kwenye nyasi zilizokatwakatwa badala ya magogo ya miti. Iligunduliwa huko Fujian na Profesa Lin Zhanxi katika miaka ya 1980, na hapa Rwanda imefundishwa katika kituo cha Rubona, wilaya ya Huye. Basi ajabu ni hii: mimi mtu wa uyoga sikuweza kula uyoga wa bwalo kubwa, kwa sababu mboga nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Usitosheke kuuliza kama kuna nyama, uliza na mafuta. Tafuta maandishi 清真, yanayotamkwa karibu na "chingjen". Maana yake ni "safi na kweli", na ndiyo alama ya chakula halali na hata ya misikiti. Vyuo vingi vina dirisha au bwalo la namna hiyo. Mitaani utakuta vijumba vya tambi za mkono na supu ya ng'ombe vya Waislamu kutoka Gansu na Qinghai. Kwa mara ya kwanza nilipoingia na kusema "Assalaamu alaykum", mpishi aliacha unga mezani akanipa mkono ukiwa mweupe wote.

4. Ijumaa na adabu ya tofauti

Mapumziko ya mchana vyuoni China ni marefu, hivyo Ijumaa niliweza kupanda basi hadi msikitini katikati ya mji na kurudi kabla ya maabara. Kule niliwakuta Wahui, Waislamu wa Kichina. Sensa ya China ya 2020 iliwahesabu zaidi ya milioni 11, na sisi Wanyarwanda wote, kwa sensa ya 2022, ni milioni 13 na kitu. Huyo "mchache" unayemwona China ni karibu sawa na taifa letu zima.

Wengi wao ni Hanafi. Ijumaa ya kwanza imamu alipomaliza Fatiha niliitikia "Amin" kwa sauti, nikajisikia peke yangu msikiti mzima. Baada ya swala mzee aliyekuwa ubavuni mwangu alitabasamu, akanishika mkono, akatoa salamu kwa lafudhi ya Kichina. Hakunikosoa. Nami nikakumbuka mabishano yetu hapa chuoni kuhusu kunuti na kunyanyua mikono, na jinsi ndugu wawili walivyoacha kusalimiana kwa ajili hiyo. Aya ya 13 ya Sura Al-Hujurat inatufundisha kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora mbele ya Mwenyezi Mungu ni mchamungu zaidi. Sisi Wanyarwanda tunajua kwa machungu yetu ya 1994 gharama ya kuisahau aya hiyo.

5. Mawe ya Quanzhou

Likizo moja nilikwenda Quanzhou, mji wa bandari katika jimbo hilo hilo. Waarabu waliuita Zaytun. Upo msikiti wa mawe uitwao Qingjing, na maandishi yake ya Kiarabu yanasema ulijengwa mwaka 400 wa Hijria (1009 au 1010). Umezidi kwa miaka mia moja tarehe ya msikiti wetu wa Kizimkazi, Zanzibar, ambayo ni mwaka 500. Ukumbi wake wa zamani hauna paa tena.

Ibn Battuta, aliyetua Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Zaytun miaka ya 1340. Alieleza kwamba China ilimhuzunisha, akawa hatoki nyumbani ila kwa haja, na kila alipomwona Muislamu alifurahi kana kwamba amekutana na jamaa yake. Ikiwa kadhi na msafiri wa miaka mingi aliumizwa na upweke, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asijione dhaifu unapomuuma.

Lakini kilichonigusa zaidi ni Chendai, karibu na mji huo. Wako watu wa ukoo wa Ding, wazao wa wafanyabiashara Waislamu. Karne ya 14 kulitokea vita na mauaji Quanzhou, na Waislamu wengi wakakimbilia vijijini, wengine wakificha dini yao. Miaka ikapita, lugha ya dini ikakatika, watoto hawakufundishwa. Leo serikali inawatambua kuwa Wahui, lakini wengi wao hawaswali wala hawafungi. Wanawatolea mababu sadaka za chakula kama majirani zao, isipokuwa jambo moja: kwenye sadaka hizo hawaweki nyama ya nguruwe.

Sikuandika haya ili tuwahukumu. Hatujui sisi tungefanya nini katika hofu ile. Ila nilisimama pale nikafikiri juu ya zile siku zangu bila Alfajiri. Mimi nilianza kuipoteza swala katika miezi mitatu, bila vita wala hofu. Kuacha nguruwe kulibaki kwangu pia. Ndilo lililokuwa rahisi.

6. Kurudi

Aya ya 122 ya Sura At-Tawba inataja kundi linalotoka kujifunza dini ili liwaonye watu wake litakaporejea. Kwa ufahamu wangu mdogo, adabu yake inamhusu kila mwenye kutafuta elimu: safari haijaisha mpaka urudi na kitu kwa uliowaacha. Niliporudi 2019 nilianzisha chumba kidogo cha uyoga nyuma ya nyumba yetu Busasamana, kwa ajili ya familia zenye shamba dogo la viazi. Na kwa vijana wanaosafiri nina swali moja ninalowauliza kabla ya kuwapa nasaha yoyote: nani atakubipu?

Muhtasari wa mafunzo

• Hakiki unachokinukuu kwa jina la Mtume (S.A.W.).
• Kabla ya kusafiri chagua watu wawili: mmoja nyumbani na mmoja huko uendako, watakaokuuliza swala yako kila siku.
• Jifunze fiqhi ya safari na ya chakula mapema.
• Heshimu kanuni za nchi, na madhehebu ya wenyeji wako.
• Ukiteleza, sema kweli kwa anayekupenda. Kuficha ndiko kunakomaliza.

Maswali ya darsa

1. Kwa nini swala hupotea kwa urahisi zaidi mahali ambapo hakuna anayeipinga?
2. Je, hapa hapa chuoni yupo ndugu ambaye hakuna anayejua kama ameswali? Tufanye nini bila kumfedhehesha?
3. Ni mambo gani ya dini yetu yanayoweza kubaki kama desturi tupu tusipowafundisha watoto maana yake?

Mwenyezi Mungu atuthibitishe katika dini yake, awalinde wanafunzi wetu walioko mbali, na awarehemu wazazi wetu wanaochelewa kulala kwa ajili yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.