SOMO LA ROBO HII: BARIDI YA ALFAJIRI NA JIKO LA MKAA

Ndugu wanakamati wa parokia na wafadhili wetu,

Kila mwaka, kuanzia Juni hadi Agosti, tunaulizwa swali lile lile: Mwanza ipo karibu na Ikweta, baridi hii ya alfajiri inatoka wapi? Tunalijibu hapa kwa sababu baridi hiyo huwafanya watu wafunge madirisha na kuingiza jiko chumbani, na jiko hilo huua.

1. Jua na upepo
Mnamo tarehe 21 Juni jua la utosini huwa mbali kaskazini, kwenye Tropiki ya Kansa. Majira hayo pepo za kusini-mashariki huvuma kutoka Bahari ya Hindi. Zikipanda milima ya mashariki ya nchi yetu huacha huko sehemu ya unyevu wake, hivyo hutufikia zikiwa kavu. Mvua huwa haba na anga huwa wazi.

2. Usiku usio na blanketi
Mawingu na mvuke ulio hewani ni kama blanketi: huzuia joto la ardhi lisipotee haraka. Blanketi likiondoka, joto la mchana hupanda angani usiku kucha. Ndiyo maana mchana tunaweza kupata nyuzi 28 hivi za Selsiasi, na alfajiri nyuzi 15 au 16.

Ziwa halipoi upesi hivyo. Kilo moja ya maji huhitaji joto zaidi ya mara 4 ya kilo moja ya udongo mkavu ili ipande nyuzi moja, na huliachia joto hilo polepole. Kwa sababu hiyo visiwani Ukerewe usiku si mkali kama Kwimba, mbali na maji.

3. Moshi unaolala bondeni
Usiku wa namna hii, kukiwa shwari, ardhi hupoza hewa inayoigusa. Hewa baridi ni nzito. Huteremka bondeni na kutulia chini ya hewa yenye joto. Tazameni alfajiri kati ya vilima vya mawe vya jiji: moshi wa majiko haupandi, hutanda. Nyumba za bondeni ndizo zinazoumwa zaidi na baridi, na ndizo zinazovuta moshi huo.

4. Hatari ndani ya nyumba
Mkaa unapowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na mkaa uliokwisha kutoa moshi bado huitoa. Gesi hii hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala huenda asiamke kabisa.

Tunaziomba kamati zifundishe haya katika jumuiya na kambi za wavuvi:
- Jiko lisilale chumbani, hata likibaki makaa machache.
- Watoto na wazee wapewe blanketi na nguo nzito kwanza.
- Anayepikia ndani afungue mlango na dirisha.
- Aliyezidiwa atolewe nje penye hewa safi na apelekwe hospitali mara moja.

Maswali ya kujadili
1. Katika eneo letu, ni nyumba zipi zilizo bondeni?
2. Ni kaya zipi zinazotumia jiko kwa sababu hazina blanketi?

Wafadhili wetu, swali la pili linawahusu ninyi pia. Blanketi moja linaweza kuliacha jiko nje.