Joto Linakwenda Wapi? Mafunzo Niliyopata kwa Nikeli na Gadolini

Nafundisha fizikia Dar es Salaam, na kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni uwezo wa joto: kiasi cha joto kinachotakiwa ili kitu kipande nyuzi moja.

1. Joto lina kazi zaidi ya moja. Katika metali nyingi, joto karibu lote huishia kuzitikisa atomi. Mwaka 1819 Dulong na Petit waliona kuwa moli moja ya elementi iliyo yabisi huhitaji takriban jouli 25 kwa kila nyuzi. Chuma kwenye joto la chumba kiko hapohapo. Kikikaribia 770°C, ambapo hupoteza usumaku wake, hitaji hilo huzidi mara mbili. Kila atomi ya chuma ni kijisumaku, na vijisumaku hivyo huelekezana upande mmoja. Kuuvuruga mpangilio huo kunakula nishati, na nishati hiyo haiongezi jotoridi.

2. Nikeli haisimami. Huwa naanza na nikeli kwa sababu yenyewe hupoteza usumaku karibu na 355°C, na tanuru dogo la maabara linafika huko. Umeme unaoipasha ni uleule, lakini mstari wa jotoridi kwenye grafu unalegea kadiri unavyokaribia hapo. Ukishapita, unapanda tena kwa kasi. Wanafunzi huuliza kama ni sawa na maji yanayochemka. Hapana. Maji yakichemka jotoridi husimama. Nikeli hupunguza mwendo tu, maana vijisumaku haviachani kwa mkupuo. Kila kimoja kinachoyumba hupunguza nguvu inayowashikilia jirani zake, ndiyo maana mwishoni mpangilio mzima huporomoka haraka. Mwanafizikia Pierre Weiss aliyaeleza haya mwaka 1907. Kwa hesabu yake, mchango wa usumaku kwenye uwezo wa joto ungekwisha papo hapo baada ya uwezo huo kufika kilele. Vipimo vinaonyesha mkia: juu ya nyuzi hizo bado kuna majirani wanaoelekezana kwa makundi madogo. Mkia huo naupenda kuliko kilele chenyewe.

3. Dar ni ya moto mno kwa gadolini. Metali hii hupoteza usumaku wake karibu na 20°C. Mezani kwetu, sumaku ndogo ya kawaida inakiacha kipande chake. Kitie kwenye maji ya barafu, ukitoe: kinadakwa.

4. Kilele chenyewe kinaweza kusogezwa. Ukiiweka gadolini kwenye uga mkali wa sumaku, vijisumaku hushikilia mpangilio wao hata joto likizidi. Kilele kinafupika, kinatanuka na kuhamia nyuzi za juu. Sasa uondoe uga huo huku metali imezuiwa isipate joto la nje. Vijisumaku vinavurugika, na joto la kuvivuruga linatoka kwenye mtikisiko wa atomi zenyewe; metali inapoa. Mwaka 1976 G. V. Brown wa NASA, Marekani, alitumia njia hii kwa gadolini na uga wa tesla 7, akapata tofauti ya nyuzi 47 kati ya ncha mbili za mtambo wake, bila gesi yoyote ya kubanwa na kutanuka.